Game Boy ya zamani, GBA SP au Playdate: ipi inafaa kuhamishia gemu za mashine za sarafu?

Fundi_wa_Ilala
Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu yuko Dubai, anarudi Jumamosi, na ameniahidi mashine moja ya gemu ya mkononi. Nataka kuandika upya gemu moja ya zile za kutumbukiza sarafu, ichezeke kwenye mashine yenyewe na si kwenye simu. Nimebakiwa na tatu: Game Boy ile ya kwanza ya 1989, Game Boy Advance SP, na Playdate. Nimwambie achukue ipi? Ana siku moja tu ya kuzunguka madukani, kwa hiyo naomba majibu ya haraka.

Mtoto_wa_Kisauni
Mkuu, gemu gani? Mashine za sarafu zina gemu mamia, na kila moja na kioo chake. Unaandika kwa lugha gani? Utauza au ni ya nyumbani? Bajeti je? Bila hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

Dada_Msimbo
Playdate. Kioo cha pikseli 400 kwa 240, unaandika kwa Lua au C, ukimaliza unaihamisha kwa waya wa USB basi. Huhitaji katriji ya pembeni, kile kikasha cha gemu kinachochomekwa, wala kufungua kitu chochote. Hizo nyingine mbili hupitishi gemu yako mpaka ununue katriji ya kuandikika.

Bakari_SP
Dada, Playdate haina taa ndani ya kioo. Umeme ukikatika saa moja usiku atacheza kwa mwanga wa kibatari? SP ina taa, inakunjwa, inachajiwa. Tangu 2003 mpaka leo bado nazishika zinazofanya kazi. Amwambie kaka atafute ile yenye namba AGS-101 nyuma, ndiyo yenye kioo cheupe kizuri. AGS-001 nayo ina taa, ila rangi zake zimefifia.

Fundi_wa_Ilala
Samahani wakuu, nilipaswa kueleza. Gemu ni Space Invaders, ile ya Taito ya 1978, unawapiga kwa mzinga wavamizi wa angani wanaoshuka. C naijua kiasi, Lua sijawahi kuigusa. Siuzi, ni ya mwanangu aliye darasa la tano. Anaijua kwenye simu yangu, nataka aione ikifanya kazi kwenye kitu ambacho baba yake amekiandikia mwenyewe.

Mzee_wa_Vigae
Sasa tunazungumza. Kijana, kabla ya kuchagua mashine chukua karatasi na penseli.

Mashine ya sarafu ilikuwa na kioo kilichosimama wima, pikseli 224 kwa upana na 256 kwa urefu. Game Boy ina 160 kwa 144. Wavamizi ni 55, mistari mitano ya kumi na mmoja, na kila mmoja amepewa nafasi ya pikseli 16. Kumi na mmoja mara 16 ni 176. Tayari umevuka ukingo wa kioo kabla hawajasogea hata hatua moja.

La pili ni zito zaidi. Game Boy inaweza kuonyesha vikaragosi (vile vipicha vinavyosogea peke yake, sprites) 40 tu kwa wakati mmoja, na visivyozidi kumi kwenye mstari mmoja wa kioo. Wako ni kumi na mmoja. Yule wa mwisho hataonekana kabisa. Kwa hiyo wavamizi huwachori kama vikaragosi, unawachora kwenye vigae vya mandhari ya nyuma, vile vya pikseli 8 kwa 8, halafu unasogeza mandhari yote. Mimi niliwabana kila mmoja kwenye pikseli 12, yaani wawili wanagawana vigae vitatu. Kumi na mmoja mara 12 ni 132, unabakiwa na 28 za kuwatembeza kushoto na kulia. Mmoja akifa unabadilisha kigae cha katikati ili jirani yake abaki mzima. Hilo peke yake lilinichukua wiki mbili, na sijutii hata siku moja, maana nilipomaliza nilikuwa naijua mashine ile kama naijua mikono yangu.

Chukua Game Boy. Ndiyo itakayokufundisha.

Dada_Msimbo
Shikamoo mzee. Kazi yako naiheshimu, ila ukisogeza mandhari yote kwa pamoja umeua roho ya gemu. Kwenye mashine ya sarafu mvamizi mmoja tu ndiye anayesogea kwa kila fremu, yaani kila kioo kinapochora picha upya. Wakiwa 55, hatua moja ya kundi zima inakaribia sekunde nzima, ndiyo maana unawaona wakitambaa kama wimbi. Wakipungua, zamu inamrudia kila mmoja haraka zaidi, na akibaki mmoja anakimbia kila fremu. Hofu yote ya ile gemu inatoka hapo.

Mzee_wa_Vigae
Marahaba binti. Hilo ni kweli. Kasi niliirudisha kwa kuhesabu walio hai na kupunguza muda wa kusubiri. Wimbi lenyewe halipo, nakubali.

Dada_Msimbo
Kwenye Playdate unalipata bila kubana chochote. Urefu umepungukiwa pikseli 16 tu, 240 badala ya 256. Upana umebaki na 176 za ziada, kwa hiyo alama zinahamia pembeni na uwanja unabaki kwa ukubwa ule ule wa asili. Tena Playdate ni nyeusi na nyeupe, na kioo cha 1978 nacho kilikuwa hivyo hivyo. Zile rangi watu wanazokumbuka zilikuwa vipande vya plastiki ya rangi vilivyobandikwa juu ya kioo.

Bakari_SP
SP nayo inaingia upana, kioo kina 240 na gemu inataka 224, na ina vikaragosi 128. Wavamizi wote 55 wanakaa humo bila shida.

Mtoto_wa_Kisauni
Na urefu 160, Bakari. Unakosa pikseli 96. Mistari mitano ya 16 inakula 80, hizo 80 zinazobaki ziwe ngome, mzinga, alama na nafasi ya kushuka. Mtoto atakufa kabla hajajua gemu imeanza.

Bakari_SP
Basi unapunguza nafasi kati ya mistari. Kila anayehamisha gemu hupunguza kitu. Pac-Man ya Game Boy ilikupa uchague: uione ramani yote kwa umbo dogo, au umbo kubwa na kioo kinakufuata.

Jirani_wa_Bandari
Fundi, naomba unisikilize kuhusu hizo Game Boy za mwaka 1989. Niliagiza moja kwa muuzaji mmoja mtandaoni, picha safi, maelezo yanasema "inafanya kazi kikamilifu". Ilipofika Mombasa nikaweka betri nne, ikawaka, nikafurahi kwa dakika moja. Kioo kilikuwa na mistari minne ya wima isiyoonyesha chochote, mmoja uko katikati kabisa. Nikafungua sehemu ya betri, chemchemi mbili zina ukungu wa kijani. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, hakujibu.

Nikatafuta fundi. Skrubu zake za nyuma zinataka bisibisi ya mabawa matatu, na kwenye vibanda vinne nilivyopita hakuna aliyekuwa nayo. Nikaagiza bisibisi, nikangoja tena. Kutu niliisafisha kwa siki na mswaki. Mistari inarekebishwa kwa kupitisha chuma cha kulehemu chenye joto kidogo juu ya utepe ulio chini ya kioo. Nilipitisha pole pole, mistari mitatu ikarudi mbele ya macho yangu. Nikarudia ili nipate wa nne, nikaikosa mingine mitatu. Mpaka leo iko hivyo. Kama kaka atanunua ya zamani, aiwashe pale pale dukani, aangalie kioo chote, na afungue mfuniko wa betri kabla hajatoa hela.

Mzee_wa_Vigae
Pole sana ndugu. Ule utepe haupendi kuguswa mara mbili.

Mtoto_wa_Kisauni
Nami niongeze: kwa nini Space Invaders ile ile? Angalieni Donkey Kong ya Game Boy ya 1994. Inaanza na hatua nne za mashine ya sarafu, ukidhani umemaliza inafunguka mpaka zinafika 101. Huko ndiko kuhamisha gemu.

Dada_Msimbo
Hiyo ilikuwa gemu mpya. Fundi anataka mtoto aione ile aliyoiona yeye.

Mtoto_wa_Kisauni
Mtoto hajawahi kuiona mashine ya sarafu, dada. Ataipenda ile inayomfurahisha.

Fundi_wa_Ilala
Nawashukuru wote. Kaka amepiga simu sasa hivi. Playdate hajaiona dukani, nimeambiwa huagizwa kwa Panic wenyewe wanaoitengeneza. Ameona SP mbili, ameniahidi kuzigeuza nyuma asome namba. Game Boy ya zamani ameiona moja na muuzaji amekataa isiwashwe.

Jirani_wa_Bandari
Hiyo aiache. Aondoke hapo.

Mzee_wa_Vigae
Akichukua SP, kumbuka nayo inacheza katriji za Game Boy ya zamani. Unaweza kuandika kwa vigae vyangu na ukawa na taa ya Bakari. Nitakutumia michoro ya vile vigae vitatu.

Bakari_SP
Na ile milio minne ya chini inayoongeza kasi, mzee, uliipata vipi? Mimi kila nikijaribu inakatika mzinga ukifyatua.

Mzee_wa_Vigae
Umeiweka chaneli moja na mlio wa mzinga. Itenganishe: milio ya hatua kwenye chaneli ya kwanza, mzinga kwenye ile ya kelele. Weka msimbo wako hapa niutazame.