Kikundi cha Familia: Mshahara wa kwanza wa Zuhura

Zuhura: Shikamooni. Barua ya ajira imetoka, 900,000 kwa mwezi. Kuna chumba masta Tabata cha 150,000, mwenye nyumba anataka miezi sita, na dalali mwezi mmoja wake. Nichukue?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu, hongera sana. Ila usiipangie hiyo 900,000, haifiki mkononi. NSSF, mfuko wa pensheni, 10%, yaani 90,000. Inabaki 810,000, hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Daraja lako ni 68,000 jumlisha 25% ya kinachozidi 760,000, kwa hiyo 12,500. Kodi yote 80,500. Bodi ya Mikopo, lile deni lako la chuo, 15%, na wengi wanapigia hesabu kwenye kilichobaki, kumbe ni ya mshahara wa msingi: 135,000. Utapokea 594,500.

Zuhura: Zaidi ya laki tatu imekwenda?

Kaka Hamisi: Ndiyo, ila ya Bodi ina mwisho, deni likiisha wanasimamisha. Muhimu ufuatilie. Makato kuonekana kwenye slipu ya mshahara hakumaanishi hela imefika. Kila mwezi angalia kama deni la Bodi limeshuka na mchango wa NSSF umeingia. Mwezi ukiruka, nenda kwa mhasibu na slipu yako wiki hiyo hiyo, usingoje mwaka. Slipu zote zitunze.

Baba Mdogo: Kuhusu chumba. 900,000 na ya dalali 150,000, unatoa 1,050,000 kwa mkupuo. Ukigawa kwa miezi sita ni 175,000 kwa mwezi. Watu wengi wanakwamia kodi ya pili: umelipa miezi sita, unajiona huna deni, mwezi wa sita unaanza kukopa. Ukishahamia, 150,000 ya kodi ijayo iweke pembeni siku ile ile mshahara unapoingia.

Na kabla hujalipa, omba namba ya mita, nunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya 5,000 usome meseji yote. Inaonyesha uniti, VAT, kodi ya jengo, na deni kama lipo. Uliza pia mita mnatumia wangapi. Mkichangia na mwenye friji na pasi ya biashara, utamlipia umeme wake.

Zuhura: Asante Baba Mdogo. Hela ya kuanzia ndiyo sina. Kuna aplikesheni inatoa laki tano dakika tano, bila dhamana.

Kaka Hamisi: Usiiguse, Zuhura. Hizo ndizo kausha damu, mikopo ya riba kubwa mno. Chukua mfano: unaomba 100,000, wanakata ada kwanza unapokea 80,000, baada ya siku 14 unarudisha 115,000. Umelipa 35,000 kwa 80,000 uliyoitumia wiki mbili tu. Ukichelewa wanawatumia meseji watu walio kwenye simu yako, kwa sababu uliwaruhusu kusoma majina. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya aplikesheni za mikopo zisizo na leseni. Ukiona aplikesheni yoyote, angalia kwanza kama ina leseni.

Shangazi Mwanaidi: Njoo ukae kwangu Ukonga miezi mitatu. Weka 350,000 kila mwezi, mwezi wa tatu una 1,050,000 kamili. Inayobaki, 244,500, ni nauli, chakula cha mchana na vocha.

Zuhura: Niiache kwenye simu?

Shangazi Mwanaidi: Hapana, ya kwenye simu inaliwa kidogo kidogo. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa, hela haifungiwi kwa muda maalumu. Ila kutoa huchukua siku kadhaa za kazi, omba wiki moja kabla ya siku ya kulipa. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali, ni za miaka, hela ya kodi ya chumba haikai huko.

Baba Mdogo: Na kabla hujasaini, uliza kama 900,000 yote ni mshahara wa msingi. Kama msingi ni 600,000 na posho 300,000, Bodi watakata 90,000 badala ya 135,000.

Zuhura: Barua haijagawanya. Namuuliza HR kesho asubuhi, nitaweka jibu hapa. Shangazi, naja Jumamosi.