"Siti ipo chini, itakuenea tu": kauli iliyonigharimu milioni 6 na nusu

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa kuwa urefu ndio ulioniponza. Nina sentimita 193, yaani futi 6 na inchi 4, na sehemu kubwa ya kimo hicho imekwenda miguuni: kutoka msambani hadi kisiginoni ni sentimita 92. Nayaandika haya mapema ili asije mtu akaniambia kwamba sikumweleza muuzaji. Alinipima kwa macho tangu nilipoinama kuingia mlangoni mwa duka lake, akacheka, akasema kwamba ninyi warefu ndio hizi pikipiki zinawapendeza.

Ninazungumzia pikipiki ndogo za mtindo wa kruza, zenye injini ya silinda moja, siti iliyolala chini, tangi lenye umbo la tone la maji na usukani mpana uliopinda kumfuata dereva. Chapa ya niliyonunua siitaji, na duka pia silitaji, kwa sababu chuma chenyewe hakina kosa. Kimetengenezwa vizuri, kinawaka kwa mguso mmoja na kinakula mafuta kidogo. Kosa ni la watu wanaoiuza pikipiki ya aina hiyo kwa kila anayeingia dukani, na la baadhi yetu tunaoulizwa kama kruza ndogo inamfaa mtu mrefu tukajibu "nunua tu, utazoea" ilhali hatujawahi kumwona anayeuliza.

Hebu niwaeleze jinsi majaribio yanavyofanyika. Pikipiki imeegeshwa kwa stendi ya pembeni, juu ya vigae, kati ya nyingine mbili zilizobanana nayo. Unaruhusiwa kuikalia. Unaweka nyayo zote mbili chini, magoti yanakunjika kidogo, unajihisi bwana wa barabara, na muuzaji anakwambia, "Umeona? Siti ipo chini, itakuenea tu." Nilipoomba kuizungusha hata mtaa mmoja, nilijibiwa kwamba pikipiki mpya haitoki nje kabla ya malipo. Nikalipa. Mtu mzima, mwenye kazi yake na akili zake, nikalipa shilingi milioni 6 na laki 5 kwa kitu ambacho nilikuwa nimekikalia kwa dakika 3 miguu ikiwa sakafuni.

Hapo ndipo penye ulaghai, na nasisitiza neno hilo. Mguu wa dereva hufika chini anaposimama kwenye taa au anapoegesha. Safari nzima iliyobaki unakaa juu ya chuma cha kuwekea mguu. Kwa mtu mfupi, siti ya chini ni neema, kwa sababu hofu yake ni kuangusha pikipiki anaposimama. Kwa mtu mrefu hofu hiyo haipo kabisa. Shida yake ni nafasi kati ya siti na chuma cha mguu, na nafasi hiyo haiandikwi kwenye karatasi ya dukani. Kinachoandikwa kwa wino mzito ni kimo cha siti kutoka ardhini, yaani kipimo cha mwenzangu, si changu.

Tazameni hata zile zinazojulikana duniani, mtaona mchezo ni uleule. Honda Rebel 300, yenye silinda moja ya sisi (cc, yaani ujazo wa injini) 286, siti yake ipo milimita 690 kutoka ardhini. Suzuki S40, ambayo ilianza mwaka 1986 kwa jina la Savage, ina silinda moja kubwa ya sisi 652, lakini siti yake ipo milimita 700 tu. Bajaj Avenger 220 ipo kwenye 737, na Royal Enfield Meteor 350 kwenye 765. Sasa, siti ikiteremshwa, vyuma vya miguu haviwezi kuteremka nayo, kwa sababu vitakwaruza lami mara pikipiki inapolala kwenye kona. Siti inashuka, chuma kinabaki palepale, na kinacholipa tofauti hiyo ni goti la dereva. Mwenye mguu mfupi halioni deni hilo. Mimi nalilipa kila siku.

Nilipofika nyumbani siku ya tatu nikiwa nachechemea, nilichukua futi ya fundi seremala nikapima. Kutoka mahali ninapokalia hadi kwenye chuma cha mguu ni sentimita 44. Nikaenda kijiweni, nikamwomba kijana mmoja wa bodaboda anipe nafasi nipime na ya kwake, ile ya kawaida kabisa ya kubebea abiria na magunia: sentimita 53. Pikipiki aliyoinunua kwa chini ya nusu ya bei yangu inampa mtu mrefu sentimita 9 zaidi za kunyoosha goti, na siti yake ni ndefu na bapa, kwa hiyo unaweza kusogea nyuma ukichoka. Ya kwangu ina kigongo kati ya dereva na abiria, kinachokubana kiunoni na kukuambia ubaki ulipowekwa. Kijana yule alinikalisha juu ya ya kwake, akanitazama, akasema, "Kaka, hapa ndipo ulipotakiwa uje kwanza." Sikuwa na jibu.

Naishi Kimara, Dar es Salaam, na kazi yangu ipo Mlandizi, mkoani Pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kwenda na mwingine kama huo kurudi. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ni pana, unakwenda bila bughudha, na kwa dakika 20 za kwanza nakiri kwamba ni raha. Mlio wa silinda moja ni mtamu, unahesabu kila pigo. Kuanzia dakika ya 30 goti la kushoto linaanza kuwaka kwa ndani, kisha nyonga, kisha ganzi inashuka hadi vidoleni. Kufikia Mlandizi nalazimika kushuka kama mzee wa miaka 80, nikiushika usukani huku nikisubiri damu irudi mguuni, na walinzi wa getini kazini wameshaizoea tamasha hiyo.

Viatu navyo ni kisa chake. Navaa namba 46. Kati ya chuma cha mguu na pedali ya gia hapaingii buti langu bila kupinda kifundo kwa namna ambayo haikukusudiwa na Muumba. Mara mbili nilipandisha gia nusu, injini ikanguruma bila kuvuta, nyuma yangu kuna lori. Fundi wa mtaani aliimaliza shida hiyo kwa dakika 5: alilegeza bolti moja kwa spana namba 10, akaichomoa pedali kwenye meno ya shafti yake, akairudisha ikiwa imepanda jino moja, akakaza. Nauliza, je, duka lililopokea mamilioni yangu lilishindwa nini kufanya hivyo siku ya kwanza? Mtu anayeuza viatu hukuuliza namba yako kabla hajashusha boksi.

Lililonitia hasira hata nikaamua kuandika lilitokea siku ya tisa. Nilikuwa nageuza kurudi nilikotoka, mwendo mdogo sana, usukani umekatwa hadi mwisho upande wa kushoto. Mkono wa usukani ukagonga goti langu na kukwama. Pikipiki haiwezi kugeuka zaidi, mimi siwezi kuondoa goti bila kunyanyua mguu, na kwa mwendo ule ukinyanyua mguu unapoteza mizani. Niliiangusha polepole, kama anayelaza mtoto, mbele ya kituo kizima cha daladala. Hakuna aliyeumia, kilichovunjika ni kioo kimoja cha pembeni na heshima yangu. Lakini laiti nyuma yangu kungekuwa na gari lenye haraka, uzi huu angeuandika mtu mwingine, na pengine ungekuwa wa rambirambi.

Nilirudi dukani siku ya kumi na moja. Nilikuwa mpole, niliwapelekea vipimo vyangu kwenye karatasi, nikawaomba wanibadilishie nichukue ya aina nyingine, hata nikiongeza pesa. Nikaonyeshwa maandishi madogo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kisha meneja, kwa sauti ya kunionea huruma, akasema wanaweza kuinunua tena kama iliyotumika, kwa shilingi milioni 4 na laki 8. Siku 11, kilomita 700 na ushei, laki 17 zimeyeyuka. Nilipouliza kwa nini hawakuniacha niijaribu, alinijibu kwamba wateja wengine wote wameridhika. Sina shaka wameridhika, kwa kuwa wateja watatu niliowakuta wakihudumiwa, hakuna aliyenifika begani.

Najua mtaniambia nitafute fundi, na nimeshamtafuta. Fundi wa siti aliongeza sponji ngumu ya sentimita 5 na kukipunguza kile kigongo cha nyuma, kwa shilingi 60,000. Imesaidia, sikatai, maumivu yanaanza dakika ya 45 badala ya 30. Ila nilipoinuka mimi, usukani ulibaki chini, sasa nainama na mabega yanauma. Nikitaka kuuinua usukani kwa vipande vya kunyanyulia, waya wa klachi na mpira wa breki ya mbele havifiki, lazima vitafutwe virefu. Fundi mwingine alinishauri tukate vyuma vya miguu tuvichomelee mbele zaidi. Nilimshukuru nikaondoka, kwa sababu sikubali kuweka uzito wangu na pedali ya breki ya nyuma juu ya chuma kilichochomelewa chini ya mwembe.

Na hata hizo zilizotoka kiwandani vyuma vikiwa mbele, kama Meteor, msidhani kwamba ni jawabu kamili kwa barabara zetu. Ni kweli goti linanyooka, na kwa mtu mrefu ni afadhali mara nyingi kuliko vyuma vya katikati vilivyo karibu na siti. Lakini miguu ikiwa mbele huwezi kusimama juu ya vyuma unapokutana na tuta lisilochorwa alama, na uzito wote unabaki kwenye kifandugu, huku shokapu za nyuma za kruza kwa kawaida zikiwa na mwendo mfupi. Kila tuta linaingia moja kwa moja kwenye pingili za mgongo. Aliyepita barabarani usiku akakutana na matuta matatu mfululizo ananielewa bila maelezo zaidi.

Suala la nguvu nitaligusa kwa ufupi, maana wengi hulitanguliza ingawa si kubwa. Meteor ina sisi 349 na nguvu za farasi 20 hivi, na kwa mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa zinatosha hata kwa mtu wa kilo 98 kama mimi. Shida ni kwamba mtu mrefu ni tanga la jahazi. Nguvu inayohitajika kuukata upepo huongezeka kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 80 kwenda 100 unahitaji karibu mara mbili ya nguvu ile, nami kifua changu chote kipo wazi juu ya usukani. Unapotaka kulipita lori baada ya Kibaha, barabara ikiwa imeshakuwa nyembamba, injini inaomba radhi wakati ambao hutaki kuombwa radhi.

Kwa hiyo wale mnaoulizwa swali hili kila mwezi, naomba muache kujibu kwa kimo cha siti. Mwulizeni mtu urefu wa mguu wake, siyo urefu wake tu, kwa sababu kuna mtu wa sentimita 185 mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi atakayeikalia kruza ndogo kwa raha zote. Mwambieni aende dukani na buti lake la safari, pikipiki isimamishwe wima na mtu wa kuishikilia, aweke miguu yote miwili juu, akae hivyo dakika 20 bila kuona haya hata muuzaji akipiga miayo. Akate usukani hadi mwisho kushoto na kulia aone kama unagusa goti. Apandishe na kushusha gia zote. Duka likikataa hayo, atoke na pesa zake.

Na kama ni mrefu kama mimi na bajeti yake ni ya silinda moja, atazame upande wa pikipiki zenye siti ya juu. Ile Royal Enfield Himalayan ya sisi 411 nayo ni silinda moja, ila siti ipo milimita 800 na unaweza kusimama juu ya vyuma. Au akumbuke zile Honda XL na Yamaha DT walizokuwa wakiendesha mabwana shamba wetu vijijini. Mjomba wangu alikuwa mrefu kunishinda, aliendesha XL kwenye makorongo kwa miaka, na malalamiko yake pekee yalikuwa mafuta kuchelewa kutoka wilayani.

Waliokwisha kushinda dai la aina hii dhidi ya duka, naomba mnieleze mlianzia wapi na mlipeleka ushahidi gani, kwa kuwa laki 17 siko tayari kuzisamehe. Wakati huohuo pikipiki inauzwa. Imetembea kilomita 736, siti ina sponji mpya, pedali ya gia imepandishwa jino moja na inaweza kurudishwa, kioo cha kushoto nimekibadilisha. Natafuta mnunuzi asiyezidi sentimita 172, aje na viatu vyake, na nitampa ufunguo aizungushe mpaka atosheke kabla sijataja bei.