Black Adam: muuaji huyu anastahili sehemu ya pili?

Msee wa Kayole:
Wasee, nimeirudia filamu ya Black Adam jana usiku na hasira zote zimerudi. Oktoba 2022 Superman wa Henry Cavill anatokea kwenye moshi, anamwambia Adam kwamba wanahitaji kuzungumza, na ukumbi mzima unapiga makofi. Desemba hiyo hiyo tunaambiwa Cavill harudi tena, na Dwayne Johnson, aliyemwigiza Adam, mwenyewe anatangaza kwamba Black Adam hayumo kwenye sura ya kwanza ya mipango ya James Gunn na Peter Safran, wakuu wapya wa DC Studios. Hayo mazungumzo yalikatwa kabla hata ya salamu! Kwangu mimi huyu ndiye stelingi wa DC aliyekuwa na msimamo. Adui akija na bunduki hamhubirii, anammaliza. Hawkman na kundi lake la mashujaa, Justice Society, wanamfundisha maadili mtu aliyekuwa mtumwa, aliyeuawiwa mke na mtoto. Tunataka sehemu ya pili. Na niseme tu ukweli: kila mtaa huku Eastlands ungekuwa na Teth-Adam (ndilo jina lake la asili) wake, wizi wa simu ungeisha ndani ya wiki.

Mwalimu wa Pangani:
Sehemu ya pili naitaka pia, ila sababu zetu hazifanani. Umemsahau Ishmael, kiongozi wa Intergang, lile genge la wenye silaha. Yule alitaka auawe! Alimtia Adam hasira makusudi, mtoto Amon akiwa mikononi mwake, ili afe akiwa na lile taji, ashuke kuzimu na arudi akiwa pepo Sabbac. Yaani ni pigo la Adam lililomzaa adui mkubwa wa filamu nzima, na mtoto aliyekuwa akimwokoa akaumizwa na pigo hilo hilo. Ndiyo maana Adam akatamka neno kwa hiari yake, nguvu zikamtoka, akakubali kufungwa. Hadithi iliishia kumwonyesha kwamba kuua kunaweza kuwa mtego. Sehemu ya pili ingeanzia hapo.

Mchoraji wa Nganya:
Mimi kazi yangu ni kuchora matatu, na huyu jamaa nimeshamchora. Mwenye gari alitaka awe upande wa mlango, umeme wa dhahabu kifuani, na jicho limtazame kila anayepanda. Hakuna aliyewahi kuniomba Hawkman. Watu wa Kahndaq, nchi ya Adam, walikaliwa na Intergang miaka na miaka, wakisimamishwa vizuizini kama wageni kwenye nchi yao, madini yao ya eternium yanachimbwa na kubebwa. Justice Society hawakuonekana. Siku mwenyeji mmoja anaanza kuwarusha wale askari hewani, ndege inatua asubuhi, wamekuja kulinda amani ya dunia. Adrianna, mama yake Amon, aliwaambia Hawkman na wenzake jambo hili hili usoni, na sikusikia jibu la maana. Mtu wa nchi iliyotawaliwa hahitaji kufafanuliwa hapo.

Dada wa Buru:
Msee wa Kayole, hiyo sentensi yako ya mwisho ungeimeza. Kwetu kulikuwa na Teth-Adam wengi siku moja. Walikuwa watu hamsini au zaidi, na mawe. Kijana alikuwa ametoka kazini, anakimbilia gari la mwisho, mtu akapiga kelele "mwizi", na kukimbia kwake kukawa ushahidi. Simu ilikuwa yake. Risiti ilipatikana baadaye kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara mbili, jina lake limeandikwa kwa kalamu. Mama yake bado anauza mboga pale pale, na wale waliorusha mawe wananunua kwake. Kwa hiyo ukiniambia kila mtaa upewe mtu wa kuua bila kuuliza, mimi sioni filamu. Namwona yule kijana.

Msee wa Kayole:
Pole sana dadangu, lakini usinibandike mawe ambayo sikurusha. Nimesema Teth-Adam, sikusema umati. Adam anajua adui ni nani.

Dada wa Buru:
Anajuaje? Alipoamka pale kaburini aliua yeyote aliyemnyooshea silaha. Tunafurahi kwa sababu mwandishi ametuambia mapema kwamba wale wote ni wabaya. Mtaani nani hutuambia?

Kaka Mdogo 254:
Naongeza kidogo. Adam alichaguliwa na wale wachawi wanaogawa nguvu kwa sababu alikuwa na moyo safi, halafu akaharibika baadaye. Kwa hiyo asili yake ni nzuri.

Mwalimu wa Pangani:
Hapana. Aliyechaguliwa na Baraza la Wachawi ni Hurut, mwanawe. Baba alikuwa anakufa, mtoto akamgawia nguvu zake ili apone, na mtoto akiwa hana tena nguvu watu wa mfalme wakamuua palepale. Teth-Adam hakuchaguliwa na mtu. Alibaki na nguvu za mtoto aliyekufa kwa ajili yake, akamuua mfalme Ahk-Ton, akaliporomosha kasri, na wachawi wakamfungia. Filamu ilituficha hilo hadi karibu na mwisho na ndipo ilipopata uzito. Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu Ishmael.

Kaka Mdogo 254:
Sawa, Hurut. Hilo halibadilishi kwamba baba ana uchungu, na mwenye uchungu haulizwi kwa nini amepiga.

Fundi wa Umoja:
Haulizwi? Mimi duka langu limevunjwa. Walibeba hadi mtungi wa gesi wa mke wangu uliokuwa nyuma. Nilijua nani, mtaa wote ulijua nani. Nilipiga ripoti, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa afisa yuko kozi. Dada wa Buru, kisa chako kimeniuma kweli, lakini mwenye duka lililovunjwa naye ni mtu. Msee wa Kayole ameandika kile ambacho wafanyabiashara husema wakifunga milango jioni.

Dada wa Buru:
Fundi, sijasema wezi wapewe chai. Nakuuliza moja tu: hao uliojua, ulijuaje? Ulimwona mtu kwa macho yako, au uliambiwa na mtu aliyeambiwa?

Fundi wa Umoja:
Unaniita mwongo?

Dada wa Buru:
Nakuita mtu ambaye angeweza kukosea na jiwe mkononi. Kama mimi. Kama yeyote.

Mchoraji wa Nganya:
Tulieni kidogo. Fundi hakurusha jiwe, alienda kuripoti mara mbili. Huyo ndiye mtu tunayepaswa kumsifu hapa na tunamshika shati.

Shabiki wa Riverside:
Jamani, mnajadili tairi na mawe wakati jibu la sehemu ya pili ni hesabu. Filamu iliingiza karibu dola milioni 393 dunia nzima. Kwa gharama ya kutengeneza na kutangaza kitu kikubwa namna ile, haikutosha, basi. Na wengi wenu mliiona kwenye kibanda cha video, kwenye televisheni ya inchi chache, nusu mnatazama, nusu mnamsikiliza mtu akitafsiri. Hamwezi kuipima.

Msee wa Kayole:
Haya, twende na hilo la kibandani. Mimi nimelelewa kwenye benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, sauti ya DJ Afro ikinieleza nani stelingi na nani adui, kabla sijajua kusoma maandishi ya chini ya skrini. Pale watu hawachezi na simu. Ukikohoa stelingi akiwa hatarini unafukuzwa. Sasa wewe uliyelipia kiti cha kulala na bisi unaniambia sijui filamu?

Mchoraji wa Nganya:
Na uliza kibandani kama stelingi anaruhusiwa kuua. Utachekwa. Kule stelingi anaua tangu dakika ya tano na wazee wanashangilia. Haya ya "shujaa haui" ni sheria ya Superman na Batman, sisi hatukulelewa nayo.

Shabiki wa Riverside:
Sikumdharau mtu. Nilisema hesabu.

Kaka Mdogo 254:
Hesabu gani? Filamu ya Hancock ya 2008 iliingiza zaidi ya dola milioni 600. Yule naye alikuwa mlevi, anavunja barabara za Los Angeles, wenyeji hawamtaki, na mwishowe tukampenda. Hadi leo hakuna sehemu ya pili. Pesa zilikuwepo!

Mwalimu wa Pangani:
Hoja nzuri, na ina upande wa pili. Gunn hana shida na wauaji. Peacemaker alimuua mwenzake Rick Flag mbele yetu mwaka 2021, akapewa mfululizo wake, na msimu wa pili ukatoka 2025. Tofauti ni kwamba Peacemaker analala na lile tendo. Analia, anajichukia, wenzake wanamchukia. Adam aliambiwa asiue, akaendelea kuua, na mwisho filamu ikampongeza kwa sababu Sabbac alihitaji kupasuliwa vipande viwili. Doctor Fate, mwenzake Hawkman, alijitoa mhanga ili Hawkman aishi, akafa peke yake, na karibu tumemsahau. Kama ningeandika mimi, ningemrudisha Adam akiwa amelivunja lile kiti la enzi, amesema Kahndaq inahitaji mlinzi na si mfalme, halafu mlinzi huyo anamuua mtu asiye na hatia. Mmoja tu. Adrianna anafanya nini? Wale waliosimama barabarani wakimpigia mikono ishara ya pembetatu wanafanya nini?

Dada wa Buru:
Hiyo ningelipa kuiona. Ya kwanza niliizima kabla haijaisha.

Fundi wa Umoja:
Mimi nataka kuona nani anawalinda wakimfukuza. Maana Intergang watarudi kesho yake. Kumfukuza mlinzi ni rahisi kwa anayekaa kwenye geti lenye askari wawili.

Dada wa Buru:
Fundi, mimi sikai kwenye geti. Nakaa ghorofa ya nne na ngazi hazina taa.

Fundi wa Umoja:
Basi tunaogopa kitu kimoja, na wewe unaniogopa mimi.

Dada wa Buru:
Sikuogopi wewe. Naogopa watu hamsini wakikubaliana nawe saa mbili usiku.

Kaka Mdogo 254:
Kuna njia nyepesi. Huyu jamaa alipotokea mara ya kwanza kwenye vitabu vya katuni mwaka 1945 alikuwa adui. Adui kamili, wala si mtu wa katikati. Sasa hivi kuna Superman mpya, David Corenswet. Gunn amchukue Adam, hata kama si Johnson, amrudishe kama adui. Mwalimu atapata mtego wake, Dada atapata hukumu yake.

Mwalimu wa Pangani:
Adui kamili hana mtego. Tukimfanya mbaya tangu mwanzo, hatutalazimika kujiuliza kwa nini tulimshangilia.

Msee wa Kayole:
Akirudi kama adui mimi siangalii, wala kibandani siendi. Mnataka mtumwa aliyeinuka awe ndiye mbaya, na waliokuja na ndege baada ya vita kuanza wawe ndio wazuri. Na Dada, nimesoma tena kile kisa chako. Pole kwa mama yake. Lakini Adam simwachi.