Chokaa kwenye bwawa lenye samaki: ipi inafaa?

Mfugaji wa perege: Wakuu, asubuhi pH ya bwawa langu (kipimo cha asidi ya maji) inasoma 6.2, jioni inafika 9. Perege wanakula kwa kusuasua. Ninayo chokaa iliyochomwa. Niimwage?

Mzee wa Mabwawa: Usiimwage kabisa! Hiyo hupandisha pH ghafla, na pH ikipanda, amonia iliyomo majini huwa sumu kali zaidi. Samaki wakiwa ndani, tumia chokaa ya kilimo, yale mawe ya chokaa yaliyosagwa; huyeyuka taratibu. Kuyumba huko kunanipa wasiwasi kuliko hata hiyo 6.2, maana ni dalili kwamba maji hayana kinga ya kuzuia pH isiyumbe. Pima alkaliniti, yaani kiasi cha kinga hiyo. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, weka chokaa. Mimi hutulia ikipita 50.

Mama Kambale: Mbolea ya bwawa isubiri wiki moja au mbili baada ya chokaa, jamani. Kalsiamu ya chokaa hukamata fosfeti, kirutubisho cha mbolea, na mbolea inapotea bure.

Mfugaji wa perege: Asanteni. Na zeolaiti, yale madini ya kunasa amonia, je, itasaidia?

Mzee wa Mabwawa: Inanasa, ila ukitia chumvi bwawani inaiachia tena. Anza kwa kupunguza chakula, ndiko amonia inakotoka.