Naomba ushauri: plasta za dawa hazimkai mama mwilini

Habari zenu ndugu zangu. Niko Arua. Mama yangu, miaka 68, aliugua mkanda wa jeshi mwaka jana. Malengelenge yalikauka, maumivu yakabaki ubavuni. Hata kitenge kikimgusa tu anashtuka kama kaguswa na kaa la moto. Panadol tumempa mpaka basi.

Daktari alimwandikia plasta za lidokeini (dawa ya ganzi), asilimia 5, kaka akazituma na basi kutoka Kampala. Zinabandikwa kwa muda wa saa 12, kisha ngozi inapumzika saa 12 nyingine. Kweli zinamsaidia, ila joto la huku! Kufika saa sita mchana jasho limeshainua kingo, plasta naikuta imenasa kwenye kitenge. Jirani (yule anajua dawa zote) anashauri nimkande maji moto juu yake ishike. Nimekataa, maana joto huongeza dawa inayoingia mwilini. Mwingine ananiuzia plasta za fentanili (dawa kali ya maumivu, jamii ya morfini) kimyakimya, bila cheti. Hizo sizigusi.

Mliouguza mtu hivi, mnaishikiza na nini? Na nikihamishia usiku tu, mchana atavumilia vipi?