Narudi Mombasa Machi, joto nitaliweza?

Assalaam aleikum jamani. Nimekaa Leeds, Uingereza, miaka 11, narudi kwetu Kisauni mwezi Machi. Huku Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na Juni saa tatu usiku bado kweupe. Ramadhani ya 2016 tulifunga zaidi ya saa 18! Mvua yao ni manyunyu tu, kutwa nzima, haina harufu ya udongo. Nimeikosa sana ile yetu inayopiga mabati mpaka hamsikizani. Lakini joto naliogopa, mwili ushazoea baridi.

Jibu: Dada, Machi ndiyo kali. Kaskazi inaisha, upepo hakuna, nyuzi 32 na jasho halikauki kwa unyevu. Ukiweza ngoja Juni, kusi ikivuma.

Jibu: Mwanangu, wasikutishe. Lala chumba chenye madirisha yanayotazamana, upepo upite. Kunywa madafu. Adhuhuri usitoke.

Muulizaji: Shukran. Mama hajiwezi, siwezi kungoja Juni. Nitamwambia kaka afunge feni ya dari chumbani kwa mama kabla sijafika, nilale naye humo.