Yule wa dirisha la mikopo ya asilimia 2 kaniuliza kama ulemavu wangu "bado unaendelea"

Fundi Sare:

Wakuu, nimetoka pale halmashauri sasa hivi. Mkono unatetemeka, mkikuta herufi zimerukwa mnivumilie. Nipo kwenye benchi la muuza kahawa nje ya geti na kahawa yenyewe imenishinda kunywa.

Ni yule jamaa wa dirisha la mikopo ya watu wenye ulemavu. Simtaji, kila mwenye gongo, fimbo nyeupe au baiskeli ya magurudumu matatu hapa mjini anamjua. Yule wa miwani ya kamba. Yule ambaye akianza kula karanga, ofisi nzima inasimama mpaka aukunje mfuko.

Hili faili nimelizungusha mpaka mlinzi wa getini ananiita shemeji. Leo zamu yangu imefika, nikalisukuma dirishani. Kalifungua, kapekua, kapandisha miwani kwenye paji la uso. Halafu kainuka kidogo kwenye kiti, kachungulia chini upande wangu, pale mguu wa suruali nilipoukunja na kuubana na pini. Kaangalia. Kakaa. Kisha kwa sauti ya kusikika mpaka huku kwenye kahawa:

"Hii barua ya daktari ni ya zamani. Ulemavu wako bado unaendelea?"

BADO UNAENDELEA!

Wakuu, mguu umekatwa chini ya goti. Umezikwa na dua ukasomewa. Mguu siyo kisamvu, kwamba unachuma leo, mvua ikinyesha unachipua. Alitaka nimjibu nini? Kwamba ulikoma kidogo mwezi wa Ramadhani, baada ya Idi ukaanza upya?

Na hizi hela siyo hisani ya baba yake. Tangu 2018 ni sheria, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 za kina mama, 4 za vijana, 2 zetu, na hazina riba. Aprili 2023 wakasimamisha kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Tukakaa tunatazamana mpaka 2024 ndipo tukasikia zimerudi. Zimerudi na barua mpya kila unapogeuka. Yaani kikundi hewa kilichukua mamilioni na hakuna aliyekiuliza kama bado kinaendelea. Mwenye mguu hewa ndiye anatakiwa alete ushahidi.

Mimi ni fundi. Nilikuwa nashona kiwandani, nikapata ajali ya bodaboda, wakaniambia "pumzika kwanza". Hadi leo napumzika. Sasa nashona sare za shule barazani kwangu kwa cherehani ya kukanyaga. Asiyewahi kuikanyaga kwa mguu mmoja hajui: ukichoka kidogo tu gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, unaanza kuutunga upya tena. Msimu wa Januari watu wanaleta vitambaa mpaka chini ya kitanda, na mimi goti limevimba. Ninachoomba ni mota na overloki. Sijaomba V8.

Kilichoniua ni vile alivyochungulia. Angeuliza bila kuchungulia ningesema hajaniona. Kachungulia, kaona hakuna mguu, NDIPO akauliza. Na foleni nzima ikanyamaza. Kuna mtu alicheka nyuma yangu, mwenye kofia ya bluu. Kama umo humu, nakutafuta.

Bado unaendelea! Mtu amesomeshwa, analipwa mshahara, ana kiyoyozi.

Mtoto wa Mama Ntilie:

Pole sana mkuu. Nimecheka, Mungu anisamehe, hapo kwenye kisamvu.

Ngurumo 77:

Bila picha hii ni chai.

Fundi Sare:

Picha ya nini, ya mguu ambao haupo?

Ngurumo 77:

Ya barua mkuu. Tulia.

Kofia ya Bluu:

Ndugu, mwenye kofia ya bluu ni mimi. Sikucheka, nilikohoa. Halafu tukiwa wakweli, wewe uliulizwa swali moja ukalipiga teke zuri lile dirisha kwa gongo, ukaondoka. Sisi wa nyuma tukafungiwa mpaka kesho kutwa. Hiyo hujaiandika.

Mtoto wa Mama Ntilie:

Heee! Kumbe kuna na mapigo.

Fundi Sare:

Gongo liliteleza. Na ungekuwa wewe umeulizwa kama ulemavu wako bado unaendelea ungefanyaje? Mtu kachungulia! Kaona!

Dada wa Sikio:

Mimi ni kiziwi, na fomu yangu imegongwa mhuri pale pale. Nyinyi mnaosikia mnaulizwa maswali ya kipuuzi, mimi niliandikiwa kwenye karatasi: "Nenda nyumbani, tutakupigia simu." Nikawaandikia chini yake kwamba mimi ni kiziwi. Akasoma, akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika: "Basi weka simu karibu na wewe." Tangu hapo nasubiri, na simu iko karibu.

Mtoto wa Mama Ntilie:

Dada umemshinda Fundi. Uzi huu ungefungua wewe.

Kivuli cha Mwembe:

Nina ualbino. Dirisha hilo hilo niliambiwa, "Wewe mbona mzima, tatizo lako rangi tu." Macho yangu nasoma karatasi ikiwa imegusa pua, lakini mzima. Nikasema basi, niachane na mikopo, nitafute ajira. Nikapata. Wakanipiga picha siku ya kwanza, wakaibandika kwenye ubao wa matangazo kwamba kampuni inajali. Siku ya pili nikapangiwa kugawa vipeperushi kituo cha daladala, saa sita mchana. Kofia ni ya kujinunulia, losheni ya jua ni ya kujinunulia. Kumuuliza bosi kama ninaweza kukaa ndani kwenye kupanga mafaili, anasema, "Hujaja kufanya kazi?"

Fundi Sare:

Pole kaka. Ila wewe hukuulizwa kama bado unaendelea.

Kivuli cha Mwembe:

Mimi niliambiwa haujaanza!

Wakili wa Kijiweni:

Someni sheria, jamani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Mkae na sheria mkononi mdai haki, siyo kupiga madirisha.

Ngurumo 77:

Wakili, asilimia 3 ya watu 20 ni mtu 0.6. Waajiri wanamtafuta huyo mtu hawampati.

Mtoto wa Mama Ntilie:

Si Fundi huyo? Apeleke CV.

Fundi Sare:

Mnaona sasa. Nimekuja na donda mnalitia ndimu.

Ngurumo 77:

Halafu ngoja, Fundi Sare si wewe ulinishonea suruali ya mwanangu mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi? Mwaka jana, sare ya kijani?

Fundi Sare:

Mtoto wako ndiye alikuwa amesimama upande. Na buku tano yangu hujamalizia.

Kofia ya Bluu:

Tujue lini dirisha linafunguliwa. Mimi naulizia hilo tu. Nimekopa nauli.

Binti Mbagala:

Afadhali nyinyi mna dirisha. Mama yangu katolewa kwenye orodha ya kaya maskini, eti walipita wakakuta bati jipya. Bati alilinunua kaka yangu baada ya lile la zamani kupeperushwa na upepo. Sasa mama anaumwa miguu, hatembei, hela hapati, ila havuji.

Kivuli cha Mwembe:

Sisi wa vibanda je? Walipita na greda. Nilikuwa na meza ya vocha chini ya mwavuli, kivuli changu pekee mjini hapa.

Mwalimu Mstaafu:

Vijana, nawasoma tangu asubuhi. Mnalia na asilimia 2. Sisi tulioguswa na kikokotoo cha pensheni tusemeje? Nimeingia kazini nikijua nikistaafu napewa nusu yangu kwa mkupuo. Nimefika mlangoni nakuta imekuwa asilimia 33. Nilishamwambia fundi wa nyumba aanze msingi.

Wakili wa Kijiweni:

Mzee, mwaka 2024 si walitangaza kupandisha hadi 40?

Mwalimu Mstaafu:

Nusu ni 50. Hiyo 40 ni nusu ya wapi?

Fundi Sare:

Wazee wangu, heshima yenu, ila kikokotoo kina uzi wake kule. Hapa tunazungumzia mtu aliyechungulia mguu usiokuwepo akauliza kama bado unaendelea.

Binti Mbagala:

Mwalimu, baba yangu naye alikuwa mwalimu. Zile zinazobaki si wanawalipa kidogo kidogo kila mwezi? Zinatosha?

Mwalimu Mstaafu:

Mwanangu, zinatosha ukifa mapema.

Ngurumo 77:

Mzee ulikuwa unafundisha hesabu? Nataka kujua kama tunakuamini na hizo asilimia.

Mwalimu Mstaafu:

Kiswahili na Maarifa ya Jamii. Lakini msingi wa nyumba umesimama, njoo Chanika uuone, umeota nyasi. Hiyo haihitaji hesabu.

Wakili wa Kijiweni:

Chanika sehemu gani mzee? Kiwanja kina hati?